Mateka aliyechora reli ya kifo, na Burma ya babu yako

Swali la leo limetoka kwa kijana mchoraji wa katuni, yuko Morogoro. Anasema: "Mwalimu shikamoo. Babu mzaa mama alikuwa keya, askari wa Kiafrika wa jeshi la Mwingereza, akapelekwa Burma vita ya pili ya dunia. Alishafariki ila mama ana kanda mbili za kaseti alizomrekodi akisimulia. Nataka nizichore ziwe kitabu. Katika kutafuta mifano nimekutana na michoro ya Ronald Searle, mateka wa Kiingereza, kuna mmoja wa mtu anakufa kwa kipindupindu umeninyima usingizi. Alichora palepale au alikumbuka akiwa kwao? Karatasi na wino alitoa wapi? Kwa nini wasipige picha tu? Hivi mchoro unaweza kuwa ushahidi kweli au ni sanaa tu? Na mimi ambaye sikuwepo, nina haki gani ya kuchora?"

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza mengi kwa mpigo na la mwisho ndio zito kuliko yote, nitalifikia. Nijibu fasta kwanza: alichora palepale, karatasi alikuwa anaiba au anaokoteza, picha kuna jamaa alipiga ila ikamshinda njiani, na ndiyo, mchoro ni ushahidi, ila sio kwa sababu ambayo wengi wanaidhania. Wengi wanadhani mchoro unaaminika ukifanana na picha. Mimi nafundisha kuchora na nashinda na makaratasi ya zamani, na ninachokiona ni kwamba mchoro wa vita unaaminika pale unapoweza kutwambia aliyechora alikuwa amekaa wapi, lini, na alikuwa anamchorea nani. Ukiyajua hayo, hata mchoro wa ovyo una kazi, na usipoyajua hata uwe mzuri vipi unabaki pambo la ukutani.

Kabla sijaenda mbali nikuwekee sawa kitu kimoja, manake naona kwenye swali lako umeanza kuvichanganya. Burma ya babu yako na Burma ya Searle ni vitu viwili tofauti kabisa. Searle alikuwa kwenye ile reli ya Siam na Burma, huko kusini, na yeye mwenyewe alikuwa upande wa Siam yaani Thailand, sio hata ndani ya Burma. Reli ilikamilika Oktoba 1943. Keya wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki wao waliingia kutokea upande wa India, kaskazini magharibi, wakateremka Bonde la Kabaw kuanzia Agosti 1944 mvua zikiwa zinapiga balaa. Ni mamia ya kilometa kati ya hapo na reli, na wakati babu anaingia reli ishaisha zamani. Kwa hiyo ukija kumchora babu yako amebeba mataruma pembeni ya mateka Wazungu waliokonda utakuwa umemtungia babu maisha, na wapo watu wataamini, hilo ndio baya lake.

Haya, Searle sasa. Alizaliwa Cambridge mwaka 1920, shule akaacha akiwa na miaka 15, akawa anachora katuni za gazeti la mjini kwao huku anasoma sanaa chuoni pale pale. Aprili 1939, vita hata haijaanza, akajiunga na jeshi, kikosi cha wahandisi. Januari 1942 wakashushwa Singapore. Ukitaka kujua bahati mbaya ikoje, angalia tarehe: Singapore ilisalimu amri 15 Februari 1942. Yaani jamaa wamevuka bahari zote hizo, wamepigana kama mwezi mmoja tu huko Malaya, halafu imekwisha, kijana wa miaka 21 ni mateka na atakuwa mateka mpaka 1945.

Hapo ndipo penye kitu ambacho mchoraji mwenzie lazima akione. Searle alikuwa na mazoea ya kuchora kila siku tangu utotoni, na alipotekwa hakuacha, ila akabadilisha kazi ya kuchora. Alikuja kueleza baadaye kwamba alitamani sana kuandika chini kinachotokea, kwamba hata kama atakufa pengine kuna mtu ataziokota zile karatasi na atajua walipitia nini. Sikiliza vizuri hapo. Anayemchorea ni mtu asiyemjua, ambaye hajafika bado, na yeye mwenyewe huenda atakuwa maiti wakati huyo mtu anaangalia. Mtu anayechora kwa nia hiyo hana sababu ya kupendezesha, wala hana wa kumfurahisha.

Vifaa. Watu wanapenda sana hii sehemu na mimi pia naipenda. Mwanzoni pale Changi, kambi kubwa ya mateka Singapore, hali haikuwa mbaya sana kwa karatasi, mateka walikuwa maelfu kwa maelfu na kati yao walikuwepo makarani, walimu, kila fani, vitabu vilikuwepo, madaftari yalikuwepo. Unachana ukurasa mtupu wa mwanzo wa kitabu, unachukua karatasi yenye maandishi upande mmoja unachora upande wa pili, na ukipata nafasi ya kumwibia Mjapani karatasi za ofisini unaiba. Mateka walikuwa na thieta yao humo humo kambini, na Searle alikuwa anawachorea mandhari ya jukwaani, kwa hiyo rangi na wino kidogo ulikuwa unapata njia ya kufika mkononi. Kule msituni relini hapo sasa ndio ikawa shida, penseli kipande, wino wa kubahatisha, na unyevu wa msimu wa mvua ambao karatasi inalainika mpaka kalamu inatoboa. Leo michoro mingine ukiitazama kwa karibu unaona madoa, mikunjo, kingo zimeliwa. Usione uchafu ule. Mkunjo unakwambia karatasi ilikunjwa ikafichwa, na mimi nikiwa na wanafunzi huwa nawaambia waanze kusoma mchoro wa zamani kutokea kwenye mikunjo kabla ya mistari.

Wengine walikuwa na shida zaidi. Kuna Leo Rawlings, naye alitekwa Singapore, alikuwa anatengeneza brashi kwa nywele zake mwenyewe na rangi kwa udongo na maji ya majani. Huyo aliombwa kwa siri na Jenerali Heath, mmoja wa makamanda waliotekwa, aweke kumbukumbu ya yale maisha. Umeona tofauti ndogo hapo? Rawlings kaombwa na mkubwa, Searle kajituma mwenyewe. Wote mashahidi, ila ukiwa unasoma michoro yao hiyo tofauti uiweke kichwani.

Mei 1943 Searle akapelekwa relini, eneo la Konyu. Nikupe ukubwa wa kitu chenyewe: reli ya kilometa 415, kutoka Ban Pong Thailand mpaka Thanbyuzayat Burma, inapita milima na misitu, Wajapani wanaitaka haraka kwa ajili ya jeshi lao la Burma kwa sababu njia ya bahari ilishakuwa hatari. Mateka kama 60,000 wakatiwa humo. Konyu ndipo palipo ule mkato wa mwamba ambao mateka waliuita Hellfire Pass, wakiupasua kwa nyundo, patasi na baruti, na kipindi cha kuharakishwa wakawa wanafanya kazi mpaka usiku kwa mwanga wa mienge na mioto, watu wamekonda, vivuli vinacheza ukutani kwenye mwamba. Jina la moto wa jehanamu lilitokana na mwonekano huo. Mchoraji akisikia hivyo anaona mchoro tayari, si ndio? Na hapo ndipo pa kujizuia, nitakurudisha hapa ukianza kumchora babu.

Mvua za mwaka ule zikaleta kipindupindu. Searle mwenyewe alipata malaria, akapata beriberi, ule ugonjwa wa kukosa vitamini, akapata magonjwa ya ngozi, akapigwa, uzito wake ukashuka chini ya kilo 40. Anasimulia kuna asubuhi aliamka akakuta rafiki yake wa kulia amekufa, wa kushoto amekufa, na chini ya kichwa chake kuna nyoka mzima. Na bado kalamu haikutoka mkononi. Mwandishi mmoja wa Australia, Russell Braddon, aliyekuwa mateka huko huko, alikuja kueleza kwamba uwaze mtu wa kilo arobaini hivi, yuko ukingoni mwa kufa, hana kitu kinachotamanika mwilini mwake, halafu katulia tu pale amelala na penseli na kipande cha karatasi, anachora. Braddon alikuwa anastaajabu, na hata mimi nastaajabu, lakini kama mchoraji naelewa kidogo: mkono ukiwa na kazi akili inapata pa kukaa.

Sasa ule mchoro uliokunyima usingizi. Uangalie tena ila mara hii usiangalie huzuni, angalia kilichoachwa. Mgonjwa amelala, amekonda mpaka basi, na mchoraji hajahangaika na msitu, hajahangaika na kibanda, hajaweka mlinzi amesimama na bunduki ili tujue nani mbaya. Mistari ni michache na haijarudiwarudiwa. Mtu wa kipindupindu anaweza kuwa mzima asubuhi na jioni amekwisha, maji yote yanatoka mwilini, kwa hiyo mchoraji hana saa tatu za kukaa na kuremba, anachukua uso na mifupa, basi. Ile haraka unayoiona ni saa halisi ya yule mtu. Ukija kuuchora upya nyumbani kwako kwa utulivu, ukaongeza kivuli kizuri hapa na pale, utakuwa na mchoro mzuri zaidi na ushahidi umepungua.

Na ndio maana nakwambia kwa uhakika alichora palepale, mchoro wenyewe unasema, lakini pia historia ya kufichwa kwake inasema. Kuchora maisha ya kambi ilikuwa hatari kwelikweli, ukikamatwa nayo ni kipigo na pengine zaidi ya kipigo. Searle alifanya nini? Alizificha karatasi chini ya mikeka ya wagonjwa wa kipindupindu. Walinzi waliogopa kipindupindu kama wote tunavyokiogopa, hawasogei pale, hawapekui. Fikiria hiyo akili! Na fikiria upande wa pili pia, kwamba wale wagonjwa, wanaume wanaokufa, walikubali kulalia siri ambayo ikigundulika wangeweza kupata tabu nao. Michoro ile ina jina moja chini lakini walioiokoa ni wengi, na wengi wao hawakutoka.

Mwenzake hakuwa na bahati hivyo. Jack Chalker, naye mchoraji, naye relini, mlinzi alimfumania na michoro yake, akaichana na akampiga vibaya sana. Chalker alibakiwa na vipande vichache, na alipopata nguvu akaendelea kuchora. Huyu Chalker nakushauri umtafute kama una roho ngumu, kwa sababu kazi yake inajibu swali lako la ushahidi kuliko hata ya Searle. Kule kwenye kambi ya hospitali Chungkai alikuwa anafanya kazi na madaktari, akiwemo daktari mpasuaji wa Australia aliyeitwa Edward Dunlop, na daktari akamtumia kama kamera. Kuna michoro ya kidonda ndugu, vile vidonda vya miguuni ambavyo hata wazee wetu wanavijua, ila kule vilikuwa vinakula mguu mpaka mfupa unaonekana. Dawa hamna, ganzi hamna. Kinachofanyika ni kijiko kinanolewa ukingo, wanaume kadhaa wanamshika mgonjwa, daktari anakwangua nyama iliyooza mpaka afike kwenye nyama nzima. Chalker kakaa pembeni anachora kidonda kina upana gani, kimeanzia wapi kwenye mguu, rangi yake ikoje. Kachora pia vifaa walivyojitengenezea wenyewe, miguu ya bandia ya mianzi, vitanda vya wagonjwa. Michoro hiyo haina machozi hata kidogo, imepoa kama ya kitabu cha udaktari, na mingine ilikuja kutumika kwenye kesi za uhalifu wa kivita Tokyo. Hapo nadhani lile suala la ushahidi au sanaa tu limeshajijibu.

Kwa nini wasipige picha? Alikuwepo mmoja, Mwaustralia George Aspinall, kijana tu, aliingia utekwani na kikamera chake cha kukunja. Filamu ikamwishia, akawa anatumia filamu za eksirei alizozipata, anazikata zitoshee, anasafisha kwa dawa alizookoteza. Akapiga Changi, akapiga na relini. Ila upekuzi ulivyozidi ikabidi akiharibu kile kikamera mwenyewe, kabla hawajakikuta nacho. Ndio tatizo la kamera lilipo: ni chuma, huwezi kuimeza, huwezi kuilalia, inataka filamu, inataka dawa, inataka mwanga, na usiku wa Konyu haina inachofanya. Penseli ikikamatwa mkononi ni penseli tu. Kwa hiyo picha zipo, na zinaposema kitu kimoja na michoro ndipo tunapata raha, lakini zipo chache na haziingii kila mahali michoro ilipoingia.

Sasa nije kwenye kuamini, ambapo nilikuahidi. Kuna watu watakwambia kanuni ni moja, kama alikuwepo mwamini, kama hakuwepo usimwamini. Mimi naona kanuni hiyo inavuja pande zote mbili.

Chukua Henry Moore, mchongaji maarufu wa Uingereza. London inapigwa mabomu mwaka 1940, watu wanakimbilia kulala chini kwenye stesheni za treni za ardhini, Moore akashuka akaona. Hakukaa pale kuwachora watu wamelala, aliona ni kuwakosea adabu, akawa anaandika vijineno na vialama vidogo kwenye karatasi kisirisiri halafu anaenda kuchora nyumbani kwa kumbukumbu. Matokeo yake watu wamefungwafungwa mablanketi kama sanda, safu kwa safu, hawana nyuso za kuwatambua. Kama ushahidi wa nani alilala wapi haina maana. Kama ushahidi wa ilivyokuwa kulala ukisubiri bomu, wengi waliolala kule walijiona humo. Na hajatudanganya, njia yake ya kufanya kazi inajulikana, hiyo ndio muhimu.

Halafu chukua mtu wa kwetu, au tuseme wa huku kwetu, Walther von Ruckteschell. Mjerumani, mchoraji, vita ya kwanza ilimkuta hapa hapa Afrika Mashariki ya Wajerumani, akapigana chini ya Lettow-Vorbeck, jenerali wa jeshi lao huku. Huyu alikuwepo, amekula vumbi, amewaona askari kwa macho yake. Tafuta michoro aliyochora kwa ajili ya Heia Safari, kitabu cha Lettow-Vorbeck cha vijana wa Kijerumani kilichotoka 1920. Mkono wa mchoraji ni mzuri hauna ubishi. Lakini anamchorea nani? Anamchorea kijana wa Ujerumani aamini kwamba Mwafrika anampenda bwana wake. Wapagazi waliokufa kwa makumi ya maelfu pande zote mbili za vita ile, kwa njaa na kuhara na kubebeshwa, ambao jina la Kariakoo limebaki kuwa kama kaburi lao, sio habari ambayo michoro ya namna hiyo ilikusudiwa kuisimulia. Kwa hiyo mtu alikuwepo na bado michoro yake ukiitumia kama ushahidi wa maisha ya askari itakupoteza.

Na Searle mwenyewe tusimfanye malaika. Michoro ya mateka wa reli ile, ya kwake na ya wenzake, kwa sehemu kubwa sana inaonyesha mateka Wazungu, kwa sababu ndio waliolala nao. Mateka waliokufa ni kama 12,000. Lakini kulikuwa na vibarua wa Kiasia, Watamil na Wamalay waliotolewa Malaya, Waburma, Wajava, zaidi ya 200,000, na makadirio mengi ya waliokufa yanaanzia 75,000 kwenda juu. Walikuwa na kambi zao, hawakuwa na madaktari wa jeshi, hawakuwa na maafisa wa kuwasemea, na kwenye ile mirundo ya michoro iliyotufikia nafasi yao ni ndogo kupita kiasi. Mimi hilo huwa linanisumbua kuliko swali la kama mstari huu umenyooka au haujanyooka. Mchoro wa kweli kabisa, uliochorwa palepale na mtu mwaminifu, unaweza ukakupa picha potofu ya jambo zima kwa sababu tu ya mahali mchoraji alipolazwa.

Baada ya vita nipite haraka. Searle alirudi Uingereza 1945 na michoro kama 300, 1946 chuo kikuu cha Cambridge wakamtolea kitabu kidogo cha michoro arobaini, halafu akaja kuwa maarufu kwa vichekesho, wale wasichana wa shule watukutu wa St Trinian's ambao alikuwa ameanza kuwachora kabla hajatekwa. Wapo wanaosema ukatili wa kuchekesha wa wale wasichana ulitoka kambini. Inawezekana, mimi sipendi sana kusukuma maelezo ya namna hiyo. Mwaka 1961 alikuwa Jerusalem anachora kesi ya Eichmann, yule afisa wa Wanazi aliyeshitakiwa kwa mauaji ya Wayahudi. Michoro ya utekwani iko Imperial War Museum London, na kitabu kikubwa chenye maelezo yake mwenyewe alikitoa 1986 tu, zaidi ya miaka arobaini imepita. Alifariki Ufaransa Desemba 2011.

Haya mdogo wangu, wewe sasa na kanda zako mbili.

Haki unayo, usiiombe kwa mtu. Ulichonacho sio vita, ulichonacho ni sauti ya babu yako akimsimulia mama yako, na hicho ndicho unachoweza kukichorea ushahidi. Kwa hiyo nakushauri uchore na lile la kusimulia pia: chumba, redio kaseti, mama amekaa wapi, babu anakohoa wapi, wapi alinyamaza. Mama yako yupo, muulize, hapo wewe ni shahidi wa karibu kabisa. Halafu unapoingia Burma msomaji ajue umebadilisha njia. Namna rahisi ni kutumia mistari miwili tofauti, kalamu ya wino kwa kile kilichosemwa kwenye kanda, penseli au rangi ya maji nyepesi kwa kile unachojazia wewe. Ukurasa wa kwanza unaliandika hilo kwa sentensi moja na unalifuata kitabu kizima bila kuchakachua. Kama babu kasema "tukavuka daraja" na hajasema daraja likoje, babu anavuka kwa wino, daraja lenyewe ni la penseli.

Na hilo daraja ukalitafute, usilitunge. Divisheni ya 11 ilifika Kalewa mwanzoni mwa Desemba 1944, wakaweka ngome ng'ambo ya mto Chindwin, na wahandisi wakatandika daraja la vyuma la Bailey juu ya maboya lenye urefu wa mita 350 hivi, wakati ule lilikuwa refu kuliko madaraja yote ya aina hiyo. Kama babu alikuwa kwenye divisheni hiyo kuna uwezekano mkubwa alilivuka, ila subiri kanda iseme. Beji yao begani ilikuwa kichwa cha kifaru, hiyo ichore sawasawa manake wajukuu wa keya wengine wataiangalia. Bonde la Kabaw lilisifika kwa malaria mpaka wakaliita bonde la mauti, na matope ya miezi ile magari yalikuwa yanazama, barabara zinatandikwa magogo. Mambo kama hayo utayapata kwenye picha za jeshi la Uingereza, zipo na nyingi zinaonekana mtandaoni, ila kumbuka na zenyewe zilipigwa na mpiga picha wa serikali kwa ajili ya serikali, askari anatabasamu kwa sababu kaambiwa atabasamu. Zitumie kwa bunduki, viatu, kofia, usizitumie kwa moyo wa mtu.

Kama kanda inataja meli, sikiliza kwa makini jina na mwezi. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives, wakafa watu karibu 1,300, mamia yao wakiwa wanajeshi wetu wa mizinga wa Afrika Mashariki. Mzee aliyekuwa kwenye msafara ule wa meli hawezi kukosa la kusema, na asiyekuwepo naye inawezekana kabisa anaisimulia kama vile alikuwepo, maana habari ile ilienea kambini. Usimkatalie babu, mchore anavyosimulia kwa wino, na pembeni uandike msafara wake uliondoka lini kama utaipata tarehe.

Kuhusu ile jehanamu ya mienge nilisema nitakurudisha. Utaona picha kali kichwani, moto, vivuli, maiti, na mkono utataka kwenda huko kwa sababu mkono wa mchoraji yeyote unataka. Wazee wengi wa keya nilioshuhudia wakihojiwa hawaanzi na moto. Wanaanza na chakula, mshahara, sajini fulani, baridi, barua iliyochelewa, ruba. Anza na ruba basi. Searle naye rundo lake sio maiti tupu, kuna watu wamekaa tu, wamelala, wanasubiri kitu.

Ila kabla hujanunua hata karatasi, hizo kanda. Kaseti ya miaka ya themanini au tisini utepe wake unashikana, na ukiuweka kwenye redio mbovu ukaliwa ndio basi tena. Usizicheze kwanza kuonyesha marafiki. Nenda kwa fundi mwenye deki nzima, asafishe vichwa vya deki kwa spiriti, zizungushwe mwanzo mpaka mwisho mara moja polepole bila kuchezwa, halafu zichezwe mara moja tu huku zinarekodiwa kwenye kompyuta, faili lisilobanwa, nakala tatu, moja akae nayo mama. Zile asilia vunja vile vimeno viwili vya juu mtu asije akarekodia taarabu juu yake. Ukimaliza hapo nitumie dakika kumi za mwanzo na kurasa zako mbili tatu za majaribio, tuangalie wino umeanguka wapi na penseli wapi.